Moto Kichaa Usitukute Tumelala: Neno kwa Wakuu wa Shule Zetu



Toleo hili linawafikia mwezi wa saba. Kwetu huku nyanda za juu kusini mvua zimekwisha zamani, baridi ya kipupwe imekolea, na nyasi za mabondeni zimegeuka rangi. Kuanzia sasa mpaka mvua za kwanza za Novemba, sisi wauguzi wa hospitali za misheni twajua ni wagonjwa gani watakaoletwa. Watoto walioungua wapo mwaka mzima, na wengi wao wameungulia jikoni: uji, chai, maharage, jiko lililopinduka. Hao huja mmoja mmoja. Walioungua kwa moto wa porini ni wachache kuliko hao, lakini siku wakija huja wengi kwa mara moja, tena pamoja na walimu wao.

Ndiyo sababu mwezi huu tungependa kuzungumza hasa na wakuu wa shule zetu: masista, mapadre, mabruda na walimu walei mliokabidhiwa watoto mia tatu, mia tano, hata elfu moja, ambao wazazi wao wako mbali. Mtu aweza kuuliza ukurasa wa afya unatafuta nini ofisini kwa mkuu wa shule. Jibu letu ni hili. Mtoto aliyeungua theluthi moja ya mwili wake twaweza kumtia dripu usiku kucha na bado tukampoteza. Kile ambacho kingemwokoa kilikuwa kazi ya mwezi wa tano, kwa fyekeo na jembe, pamoja na mazungumzo ya nusu saa katika chumba cha walimu. Kwa waliochelewa, kazi hiyo yafanyika hata wiki hii.

MLIMANI, KATIKATI YA MIKARATUSI

Wamisionari wa zamani walipenda kujenga juu. Mlimani pana hewa safi, mbu ni wachache, na kengele ya kanisa husikika mbali. Lakini moto nao hupenda kupanda. Wataalamu wa moto wana kanuni moja inayofaa kukumbukwa: kwa kila digrii 10 za mwinuko, mwendo wa moto unaopanda huongezeka takriban mara mbili. Mteremko wa digrii 20 basi huleta moto wenye mwendo mara nne ya ule wa tambarare. Hewa yake ya moto hutangulia, ikizikausha nyasi za juu kabla ndimi hazijafika. Shule iliyo kileleni na bonde la nyasi chini yake imekaa kule kule moto unakokimbilia. Na mtoto mwenye hofu, akiuona moto uko chini yake, hukimbia kwenda juu. Hawezi kushindana nao.

Kisha kuna miti. Mikaratusi tuliyoipanda kuzunguka misheni kwa ajili ya kuni na nguzo asili yake ni Australia. Majani yake yana mafuta, yale yale tunayoyanusa katika dawa za kuchua kifua, na mafuta hayo huwaka upesi. Magome yake hubambuka kama vitambaa, na upepo huyachukua yakiwa yanawaka. Misindano nayo ina utomvu. Hatusemi ikatwe yote, maana shule yahitaji kuni, bali isimame mbali na mabweni, na majani makavu yaliyo chini yake yaondolewe.

Kuhusu wanaowasha, wasomaji wetu wanawafahamu kuliko sisi: mkulima anayesafisha shamba, mfugaji anayetaka nyasi changa, mrina asali, vijana wanaowinda ndezi. Wapo hata wanaosafisha makaburi kwa kiberiti kabla ya tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, wakati ambapo nyasi zimekauka kuliko siku zote za mwaka. Kwa hilo maparoko wangeweza kutusaidia kwa tangazo moja la Jumapili.

WENZETU WA AUSTRALIA

Kwa kuwa tumekwisha wataja wenyeji wa mikaratusi, yafaa tujifunze kwao, maana wamezika watu wengi kwa sababu ya moto wa porini. Tena shule za Kikatoliki za mashambani si jambo geni kwao. Mtakatifu Maria MacKillop, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2010, alianza kufundisha huko Penola mwaka 1866 katika banda lililokuwa la farasi, na masista wake wakaenda kuwafuata watoto wa wakulima mahali ambapo hapakuwa na shule.

Tarehe 16 Februari 1983, ambayo ilikuwa Jumatano ya Majivu, mioto mingi iliwaka siku moja katika majimbo ya Victoria na Australia ya Kusini. Watu 75 walikufa, na mpaka leo moto ule unaitwa kwa jina la siku hiyo. Wengi wao walikufa baada ya upepo kugeuka. Moto uliokuwa unakwenda upande mmoja, mwembamba na mrefu kama mkuki, ulipigwa ubavuni, na ubavu wote ule ukawa ndio mbele. Waliodhani moto umewapita waliukuta unawajia.

Kisha tarehe 7 Februari 2009, katika jimbo lile lile la Victoria, walikufa watu 173. Siku hiyo cheche zilichukuliwa na upepo zikaanzisha mioto mipya hata kilometa 30 mbele ya moto wenyewe. Shule za msingi za Marysville na Strathewen ziliteketea. Ilikuwa Jumamosi, madarasa yalikuwa matupu.

Tume iliyoundwa baadaye ilichunguza jinsi watu walivyokufa. Kabla ya hapo wananchi walikuwa wakiambiwa wachague: ama ujiandae kikamilifu ubaki ulinde nyumba yako, ama uondoke mapema. Ilionekana kwamba wengi hawakuchagua lolote. Walisubiri waone itakuwaje, na walipokata shauri muda ulikuwa umekwisha. Siku hizi shule za Victoria zilizo katika maeneo ya hatari, za serikali na zisizo za serikali, zimeandikwa katika orodha maalumu, na siku inayotabiriwa kuwa ya hatari ya kiwango cha juu kabisa zinafungwa. Zinafungwa kwa utabiri wa hali ya hewa tu, bila kusubiri moshi.

Sisi hatuwezi kuyachukua yote hayo. Mtoto wao akifungiwa shule hubaki na mama yake. Wetu amelala bwenini, na kwao ni safari ya siku mbili kwa basi. Lakini jambo moja twaweza kulichukua, nalo halina gharama: uamuzi ufanywe mapema, na ufanywe na mtu anayejulikana.

AMRI NI YA NANI?

Tuchukue mfano. Ni saa nane mchana, mwezi wa kumi. Sista mkuu wa shule yuko mjini kwenye mkutano wa jimbo na simu yake haipatikani. Makamu wake amekwenda benki. Moshi mzito umeonekana ng'ambo ya bonde. Nani atawatoa watoto madarasani? Mara nyingi mwalimu wa zamu, kijana mwenye mwaka mmoja kazini, atasema, "Tumsubiri Sista." Hatumlaumu. Katika nyumba zetu utii ni fadhila, na aliyezoea kuomba ruhusa hata ya kuhamisha benchi hawezi kujifunza kuamuru siku ya moto.

Kwa hiyo mkuu wa shule, mwanzoni mwa kiangazi, awatangazie wote na kubandika ukutani majina matatu kwa mfuatano: mimi nikiwapo, mimi, nisipokuwapo, fulani, naye asipokuwapo, mwalimu wa zamu, awe nani. Na aongeze mbele ya wafanyakazi wote kwamba mtu yeyote, hata mpishi au mlinzi, aweza kupiga kengele ya hatari akiona moshi, wala hatakaripiwa ikionekana ulikuwa moshi wa jiko. Mlinzi akikaripiwa mara moja kwa kengele ya bure, siku ya pili ataanza kwanza kwenda kuhakikisha, na kwenda na kurudi kwake ndiko kutakakowamaliza watoto.

Tena pachaguliwe alama juu ya nchi. Kila shule ina mto, barabara au kilima kinachoonekana. Wazee wa shule wakae wakubaliane: moto ukionekana upande wa pili wa mto, masomo yanasimama, watoto wanakusanyika na kuhesabiwa, ukivuka mto, wanaondoka kwenda mahali pa usalama, bila majadiliano. Alama hiyo iamuliwe wakati watu wametulia na kikombe cha chai mkononi, kwa sababu mtu aliye katika moshi huona kila dakika kwamba bado pana nafasi kidogo. Na moto unaotambaa kivivu saa tatu asubuhi usiaminiwe. Jua likipanda nyasi hukauka zaidi na upepo huongezeka, na kati ya saa sita na saa kumi na moja moto ule ule huwa mnyama mwingine.

Kengele ya hatari isifanane na ya Misa wala ya chakula. Mlio wa mfululizo usiokoma unafaa. Bweni lililo mbali liwe na filimbi yake kwa ajili ya usiku.

Mahali pa kukusanyika mara nyingi ni uwanja wa mpira, nao wafaa ikiwa ni mpana, umefyekwa mpaka chini, hauna miti kandokando, na una njia zaidi ya moja. Kama hakuna uwanja wa namna hiyo, wala njia ya kuondoka iliyo salama, lichaguliwe jengo la matofali lenye paa la bati, ambalo pembeni yake ni udongo mtupu. Pengine litakuwa bwalo au kanisa lenyewe. Hapa yafaa tueleze jambo ambalo wengi hawalifahamu. Joto la moto mkubwa huua kabla ndimi hazijamgusa mtu. Linasafiri moja kwa moja kama mwanga wa jua, na kinachosimama katikati hulizuia, hasa ukuta. Moto wa nyasi ukifika penye jengo, mbele yake hupita kwa dakika chache tu. Wakati huo madirisha yafungwe, watoto wakae chini mbali na madirisha, lakini milango isitiwe kufuli, na watu wazima waangalie cheche kwenye dari. Moto ukishapita, watoto watolewe na kupelekwa penye ardhi iliyokwisha ungua, kwa kuwa hapo hakuna tena cha kuungua.

Nguo nazo zina maana. Sweta ya nailoni huyeyuka na kushikamana na ngozi, nasi huibandua kipande kwa kipande. Pamba na sufu ni salama zaidi. Mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, viatu vya kufunika mguu badala ya malapa. Blanketi la sufu ni kinga nzuri kuliko watu wanavyodhani.

Kisha watoto wahesabiwe. Orodha ya majina kwa darasa na kwa bweni iwe na nakala mbili, moja ofisini na moja kwa matroni. Anayetoka ofisini abebe orodha hiyo kabla ya sanduku la fedha. Padre atataka kuitoa Ekaristi Takatifu katika tabernakulo. Afanye hivyo kama njia iko wazi, lakini aende mwenyewe, asimtume mtumishi wa altare. Na wazazi wa karibu wakifika na pikipiki zao, mtoto asikabidhiwe mtu bila jina lake kuwekewa alama kwenye orodha. Mtoto aliyechukuliwa na mjomba wake kimyakimya atatafutwa ndani ya moshi, na mwalimu anayemtafuta ana watoto wake nyumbani.

Haya yote yafanyiwe mazoezi kila muhula, mara moja mchana na mara moja usiku. Mara ya kwanza itakuwa vurugu na vicheko. Mkuu ashike saa, aandike dakika zilizopita mpaka mtoto wa mwisho alipohesabiwa, na mara ya pili azipunguze. Wale wanawali watano wenye busara hawakwenda kutafuta mafuta usiku wa manane.

WANAFUNZI SI KIKOSI CHA ZIMAMOTO

Hapa mtatuwia radhi tukisema kwa ukali kidogo. Katika sehemu zetu nyingi moto ukiwaka, wa kwanza kuitwa ni wanafunzi. Wanapewa matawi mabichi na kuelekezwa porini, darasa la tano hadi kidato cha nne, kwenda kuokoa shamba la miti au shamba la jirani. Ni desturi ya kusaidiana, nasi twaiheshimu. Lakini ule moto wa Oktoba 2020 juu ya Mlima Kilimanjaro uliwahangaisha mamia ya watu wazima kwa zaidi ya wiki moja. Mtoto wa miaka 12 mwenye kaptura na malapa atafanya nini, akiwa amesimama upande wa juu wa mteremko, hajui upepo utageuka lini?

Tunaomba wanafunzi wasitumwe kabisa. Kupiga moto kwa matawi ni kazi ya watu wazima walioongozwa na mtu wa misitu, wakiuingilia kutoka sehemu iliyokwisha ungua, kila mmoja akijua atakimbilia wapi. Mwenyekiti wa kijiji akija shuleni kuomba "nguvu kazi" saa ile ya taharuki, mkuu wa shule peke yake atashindwa kukataa, ataonekana mchoyo. Kwa hiyo bodi ya shule na serikali ya kijiji wakubaliane mapema, kwa maandishi, kwamba shule itatoa majembe, mafyekeo, ndoo na lori lake kama linalo, lakini watoto haitatoa.

Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hapa Tanzania ni 114. Ipigwe mara moja, kabla ya kujaribu lolote jingine. Ila tukumbuke kwamba gari lao liko mjini na barabara zetu twazijua. Mpaka lifike, shule iko mikononi mwa waliomo.

KUZUNGUKA MAJENGO, NA NDANI YAKE

Kuhusu kinga moto hatutasema mengi, kwa sababu maafisa misitu wanaweza kuja kuonyesha. Ukanda uliopaliliwa mpaka udongo usipungue mita 20 kuzunguka majengo, na uwe mpana zaidi upande wa mteremko. Kuni zisiegemezwe ukutani mwa jiko. Majani makavu yaondolewe katika mifereji ya paa, maana cheche moja ikitua humo, moto uko darini. Nafasi iliyo kati ya ukuta na paa izibwe kwa wavu wa chuma. Mapipa ya dizeli na mitungi ya gesi yawe na banda lake mbali na watoto. Na maji: bomba la plastiki lililo juu ya ardhi litayeyuka, pampu ya umeme itakufa umeme ukikatika, kwa hiyo mapipa yaliyojaa maji na ndoo za kweli bado zina kazi yake.

Milango ya mabweni ndiyo inayotunyima usingizi. Mwezi Juni 1994 wasichana zaidi ya 40 walikufa kwa moto bwenini katika Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo. Mwaka 2001 huko Kyanguli, Kenya, wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 2024 walikufa watoto 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Hiyo haikuwa mioto ya porini, lakini moto ukiwa ndani haujali ulitoka wapi. Twafahamu kwa nini matroni wanafunga kwa nje: wezi, na wasichana kutoroka. Hata hivyo mlango wa bweni ufungwe kwa komeo la ndani ambalo mtoto wa darasa la kwanza aweza kulifungua gizani. Bweni liwe na milango miwili, na walau dirisha moja kila upande liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani. Ulinzi wa wasichana utafutwe kwa mlinzi na uzio, si kwa kufuli.

WATOTO WASIOWEZA KUKIMBIA

Matroni aandike orodha ya wale wanaohitaji mtu wa kuwasaidia: mwenye pumu, mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa selimundu, mlemavu wa miguu, asiyesikia kengele, mwenye ualbino asiyeona vizuri, na aliyelazwa zahanati ya shule siku hiyo. Kila mmoja apewe mwenzake mkubwa anayelala kitanda cha jirani. Dawa zao ziwe katika mfuko mmoja unaobebeka.

Wenye pumu wataanza kuumwa kabla moto haujakaribia, kwa moshi tu. Pampu yao ya buluu ya salbutamol ifanye kazi vizuri kwa njia hii: chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, toboa kitako tundu linalobana mdomo wa pampu, mtoto aweke midomo yake kwenye mdomo wa chupa. Piga pampu mara moja, avute pumzi nne. Rudia mpaka mipulizo minne. Subiri dakika nne. Kama hajapata nafuu, anza tena, na safari ya hospitali ianze.

MTOTO AMEUNGUA: MAJI KWANZA

Mtoto ambaye nguo zake zinawaka asikimbie. Alazwe chini, avingirishwe au afunikwe kwa blanketi. Kisha maji. Sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa muda wa dakika 20 kamili kwa saa. Mikono ya watu huchoka baada ya dakika tatu na kudhani yatosha, haitoshi. Maji hayo hupunguza kina cha kidonda na maumivu, nayo yana faida hata kama saa tatu zimepita tangu aungue. Barafu isitumike. Kama maji ni machache, tumia vitambaa safi vilivyoloweshwa, ukivibadilisha mara kwa mara. Wakati huo sehemu nyingine za mwili zifunikwe, maana mtoto mdogo hupata baridi upesi, hasa katika milima yetu.

Vua pete, bangili, saa, mkanda na viatu kabla uvimbe haujaja. Nguo iliyoshikamana na ngozi iache. Malengelenge usiyatoboe. Baada ya dakika 20 funika kidonda kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, bila kukaza.

Usipake kitu. Tunajua yanayopakwa, kwa sababu tunayaosha sisi: dawa ya meno, mafuta ya kupikia, ute wa yai, unga, majivu, manyoya ya sungura. Anayepaka anapenda mtoto apone. Lakini vitu hivyo vinazuia joto lisitoke, vinaleta vijidudu, na daktari hawezi kuona kina cha kidonda mpaka vimesuguliwa. Huko kusugua ndiko kunakomfanya mtoto alie mpaka wadi nzima isikie.

Ili kujua ukubwa wa jeraha, tumia kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole: ni kama asilimia 1 ya ngozi yake. Viganja 10 au zaidi ni hatari ya kifo kwa mtoto, hata kama anaongea na kutembea, kwa sababu maji ya mwili yanavuja. Aletwe mara moja, na njiani, kama ana fahamu na hatapiki, anywe maji ya ORS kwa vijiko. Aletwe pia, hata kama jeraha ni dogo, aliyeungua uso, mikono, nyayo, sehemu za siri, maungio, au aliyeungua kuzunguka mkono au mguu mzima.

Kuna mwingine anayesahauliwa kwa kuwa ngozi yake ni nzima. Sauti imekwaruza, vinyweleo vya pua vimeungua, makohozi ni meusi, pumzi inatoa mlio. Huyo amevuta hewa ya moto, na koo lake linaweza kuvimba na kuziba baada ya saa chache. Aketishwe, asilazwe, apande gari la kwanza kabla ya mwenye kidonda kikubwa mguuni. Na mtoto aliyetolewa ndani ya moshi akilalamika kichwa, kizunguzungu, au akiongea mambo yasiyoeleweka, amevuta hewa yenye sumu, anahitaji oksijeni.

Usiku unaofuata wale wasioungua watakuwa na kazi yao: kulia, kukojoa kitandani, kukataa kuingia bwenini. Wasichekwe wala wasiadhibiwe. Walale karibu na matroni siku chache, na taa iwake.

Unapomtuma mtoto kwetu, mfungie mkononi karatasi yenye jina lake, saa aliyoungua, dakika alizomwagiwa maji, dawa aliyopewa, na kama amewahi kuchanjwa pepopunda. Piga simu hospitali kabla gari halijaondoka. Ukitueleza ni wangapi na wana umri gani, watakapofika vitanda vitakuwa vimekwisha tandikwa na dripu zimekwisha tundikwa.